Gogo au Injini

Kijana aliyekuwa akifunga injini ya lori letu kule Isiolo alisimama, akapangusa mikono kwa kitambaa, kisha akaiona. Nati moja ilikuwa imebaki juu ya gunia. Aliangalia kulia, akaangalia kushoto, akaiokota kama mtu anayeokota kitu chake mwenyewe kilichoanguka, akaitia mfukoni. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya tairi kuukuu hatua chache kutoka pale, kikombe cha chai mkononi, na nilicheka mpaka chai ikanimwagikia mapajani. Dereva wetu akaniuliza nacheka nini. Ningemwambia nini? Kwamba nati ile imenirudisha miaka thelathini na kitu nyuma, kwenye uwanja wa nyumba yetu karibu na Idsowe, na kwamba pale pale katikati ya vumbi la Isiolo nilisikia harufu ya nta ya nyuki ikichemka pamoja na mafuta ya sifa? Nilimwambia nimekumbuka jambo la nyumbani.

Mimi ni mtu wa njiani. Nilimaliza kidato cha nne, nikauza katika duka la mtu Malindi, nikapika hotelini Hola, nikafuata kazi mpaka Marsabit, na sasa nazunguka na lori la viatu vya mitumba. Wenzangu wa rika langu wameshajenga, wengine wameshaezua na kuezeka upya. Mimi bado sijui usingizi mtamu kuliko ule wa kwenye kiti cha mbele, injini ikinguruma chini ya miguu. Watu husema barabara imeniroga. Haikuniroga. Nilifundishwa kuipenda kwa siku nane tu, mwaka ule wa maji.

Kwetu maji hayakuwa habari. Mto Tana ulikuwa ukija mashambani kila msimu kama jamaa mwenye njaa. Unakula, unalala, kisha unaondoka na kukuachia udongo mweusi wa kuotesha mpunga na ndizi. Wakubwa waliusubiri, na ukichelewa waliulalamikia. Lakini mwaka ule mto ulikuja ukakataa kuondoka. Ulipanda mashamba, ukapanda vibanda vya shambani, mwisho ukapanda barabara yenyewe, na sisi huku tukabaki kama kisiwa.

Mama alikuwa upande wa pili. Alikuwa ameenda Tarasaa kwa shangazi yake kungojea kujifungua, kwa sababu huko kulikuwa karibu na hospitali. Alipoondoka barabara ilikuwa kavu na mimi nilikuwa nimemkasirikia kwa kutonichukua. Sikumuaga vizuri. Nilijifanya nina kazi ya kufukuza ndege wa mpunga, ilhali hata ndege hawakuwapo.

Baba alikuwa fundi wa mitumbwi. Alichonga mitumbwi kutoka gogo moja, kama babake na babu yake, na mtumbwi wake ukiingia majini haukuomba radhi kwa mtu. Habari za Mama zilipokawia, aliingia katika mmoja akaenda. Alirudi siku ya tatu jioni, matope yamemkauka mwilini mpaka kifuani, akakaa kwenye kigoda bila kunawa. Bibi, mamake, alimletea maji ya kunywa. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni.

"Mtoto yuko, ni wa kiume," Baba alisema. Akanywa maji. "Lakini mama yake wamempasua."

Kwako wewe msomaji, neno hilo lina maana ya daktari na chumba chenye taa kubwa. Kwangu mimi, mtoto wa miaka tisa wa fundi mitumbwi, lilikuwa na maana moja tu. Gogo likionekana lina ufa ndani, halifai mtumbwi. Baba alilipigia kabari na shoka, gogo likapasuka toka kichwani hadi mguuni, nusu moja ikawa makasia, nusu ikawa kuni za Bibi. Na kila alipofanya hivyo alisema neno lile lile, nami nililijua kama sala: gogo likipasuliwa haliungwi.

Sikumuuliza mtu. Watoto wa siku zetu, nadhani mnakumbuka, hatukuwa watu wa kuuliza. Tulisikia nusu ya neno nyuma ya mlango, tukaenda nayo kulala, na asubuhi ilikuwa imeshakua ikawa jambo zima.

Bibi alimuuliza Baba kwa nini basi hakurudi nao. Baba akaeleza kwamba kutoka mahali mtumbwi unapokwama mpaka Tarasaa ni mwendo wa nusu siku katika matope ya kufika magotini, kwamba Mama hawezi kuutembea wala kubebwa mgongoni, kidonda kitafunguka. Nyumba ya shangazi ilikuwa imejaa watu waliokimbia maji, hata nafasi ya kunyoosha miguu hakuna. Mama alikuwa akilala amekaa, mtoto kifuani.

"Mtumbwi unavuka maji," alisema. "Matope hauyavuki."

Sijawahi kumsikia akiutia mtumbwi dosari, si kabla wala baada ya siku hiyo.

Asubuhi iliyofuata alifanya jambo ambalo lilimfanya Bibi atoke nje kutazama. Alikwenda kwa Mjomba, mdogo wake Mama, akasimama mbele ya Landrova.

Hapo sharti nikueleze habari za hao wawili. Walikuwa mashemeji, na utani wao ulikuwa wa kila siku kama chumvi. Mjomba alikuwa amefanya kazi miaka mingi juu huko, upande wa Nanighi, kwenye mashamba ya pamba ya kunyweshwa, akajifunza ufundi wa matrekta. Aliporudi alirudi na Landrova fupi aliyoinunua mnadani ikiwa imekufa, akaiburuza kwa ng'ombe kilomita za mwisho, akaisimamisha nyuma ya nyumba juu ya mawe manne. Ilikuwa na rangi ya kijani iliyofifia kama jani la mgomba lililolala chini. Kuku walitaga kwenye kiti cha nyuma. Baba aliiita "banda la kuku lenye usukani." Mjomba naye aliita mitumbwi ya Baba "magogo yasiyo na breki." Mimi, kwa akili yangu ya utotoni, niliamini wanachukiana kweli, na nilishangaa kwa nini watu wanaochukiana wanakula sahani moja.

Siku hiyo Baba hakumtania. Aliweka mkono juu ya boneti, akauliza, "Shemeji, hiki kitu kinaweza kutembea?"

Mjomba aliinama akachungulia chini ya gari. Dada yake ndiye aliyekuwa analala amekaa kule ng'ambo. Naye hakutania. "Injini ikipasuliwa, ikasafishwa, ikafungwa tena," alisema, "inaweza."

Nilikuwa nimesimama pale na ndoo ya maji. Nilirudia maneno yale kimoyomoyo mara nyingi. Ikipasuliwa, ikafungwa tena. Kumbe kulikuwa na kitu duniani kinachopasuliwa na kufungwa! Tangu dakika ile swali langu likawa moja, na sikulitoa mdomoni kwa siku nane: je, Mama alipasuliwa kama gogo, au alipasuliwa kama injini?

Basi nilihamia kwenye Landrova ile. Nilitaka kuona kwa macho yangu.

Mjomba alimwomba Bibi jamvi lake la kuanikia mpunga, na Bibi akalitoa huku akilalamika kwamba wali wetu utanuka petroli mpaka arusi yangu. Juu ya jamvi hilo injini ililazwa vipande vipande. Mjomba hakuwa na kitabu. Kila alichokitoa alikiweka kwa mpangilio, kutoka upande wa mto kuelekea upande wa jikoni, na akaniambia, "Mjomba," maana mimi na yeye tuliitana hivyo hivyo, yeye mjomba na mimi mjomba, "kuku akikanyaga hapa, injini imepotea." Nikawafukuza kuku kwa ukali ambao sijawahi kuutumia tena kwa kiumbe yeyote. Niliona kichwa cha injini kikiinuliwa. Niliona pistoni nne zimekaa ndani ya mashimo yake kama wazee wanne kwenye vyoo. Niliona vali, vitu vyenye shingo ndefu na kofia pana, nikazipenda papo hapo.

Vali zilikuwa zimeliwa kingo na haziketi sawa. Mjomba hakuwa na dawa ya kuzisagia, na duka lenye dawa hiyo lilikuwa ng'ambo ya maji. Akachota tope laini la mto, lile linaloachwa na mafuriko, akalichuja kwa leso kuukuu ya Bibi mara tatu, akalichanganya na oil mpaka likawa uji. Akalipaka kwenye ukingo wa vali, akaifungia kijiti, akaanza kukizungusha baina ya viganja viwili kama mtu anayepekecha moto. Sauti yake ilikuwa shrr, shrr, shrr. Tulipokezana. Viganja vyangu viliota malengelenge na nilijivuna nayo kama pete. Tulipomaliza, kingo ziling'aa kwa duara moja la kijivu, jembamba, safi. Mto uleule uliotufungia njia ndio uliotusagia vali. Hilo nililifikiria nikiwa mtu mzima. Wakati ule niliona tu kwamba zinang'aa.

Kisha ikaja habari ya pua. Injini, Mjomba alieleza, inavuta hewa kama sisi, na ikivuta maji hata kikombe kimoja imekwisha. Kwa hiyo gari litapewa pua ndefu. Alikuwa na bomba la alumini lililopinda, la yale waliyotumia kule kwenye pamba kuvusha maji toka mfereji hadi shambani. Alilibeba miaka yote hiyo bila kujua kwa nini. Akaliunga kwenye mdomo wa injini, akalipitisha ubavuni, akalipandisha mpaka juu ya paa. Bomba la moshi nalo akalipandisha nyuma. Niliiangalia Landrova imesimama pale na pua juu, mkia juu, nikajua kwa hakika wanachotengeneza. Walikuwa wanatengeneza kiboko.

Au mtumbwi. Kwa maana hapo ndipo Baba alipoingia kazini.

Mjomba alimwomba jambo dogo tu: amkalafatie sehemu za umeme, yaani azizibe zisiingie maji, kama anavyoziba nyufa za mitumbwi. Baba akawasha moto. Akayeyusha nta ya nyuki katika sufuria, akatia mafuta ya sifa, yale ya ini la papa yanayoletwa kutoka Kipini na ambayo yananuka hata ukiyafikiria tu, akachovya nyuzi za makumbi ya nazi. Akaziba kifuniko kinachogawa moto wa plagi, akaziba nyaya moja moja, kazi safi kabisa, Mjomba akampongeza. Pongezi hiyo ndiyo iliyotuponza. Baba alipoonja sifa hakuweza kuacha. Aliinama akachungulia chini ya viti, akaona sakafu ina mashimo saba, mengine yametobolewa na kiwanda na mengine na kutu, na mwili ukamsisimka.

"Shemeji," alisema, "hii ni gari au ni chujio la tui?"

"Ziba, shemeji," Mjomba alijibu. "Wewe ndiye mwenye maji."

Baba akachonga vijiti saba vya mti mgumu, akavigongea kwenye mashimo saba kutoka ndani, akavizungushia nyuzi na nta. Akaziba milango kingoni. Akaziba kila tundu la ribiti. Siku mbili nzima alifanya kazi ile, na sufuria ya nta ikichemka, na sisi sote tukinuka papa, na alikuwa akipiga mluzi. Mjomba aliizoea nchi kavu ya kule kwenye pamba. Hakuwahi kuendesha gari ndani ya maji hata siku moja. Baba aliyajua maji yote ya Tana. Hakuwahi kuendesha hata baiskeli. Kati yao wawili hapakuwa na mtu wa kuona kosa. Nami nilikuwa na hakika kabisa kwamba hapakuwa na kosa.

Siku ya nane Mjomba alifunga injini. Nilisimama juu ya kipande cha gogo nihesabu. Kila kilichokuwa jamvini kikarudi mahali pake, kutoka upande wa jikoni kuelekea upande wa mto, mpaka jamvi likabaki tupu isipokuwa nati tatu. Nati tatu zimekaa pale, na injini imeshafungwa.

Mjomba aliziokota, akazitupa kwenye kopo lake la nati, kopo ambalo nilitambua sasa kwamba lilikuwa limejaa. Aliona uso wangu. "Usiogope, mjomba. Fundi mbaya hupungukiwa. Fundi mzuri hubakiza."

Baba alicheka kwa mara ya kwanza tangu arudi Tarasaa. Mimi sikucheka. Nilikuwa nafikiria hospitali.

Kisha Mjomba akaingiza mkono wa chuma mbele, akazungusha. Hakuna. Akazungusha tena. Landrova ikakohoa, ikapiga chafya ya moshi mweusi kupitia mkia wake, ikatikisika mawe yote manne, na ikawaka. Enyi wenzangu, sijui kama nitawahi kusikia sauti kama ile tena. Kuku walipaa. Bibi alipiga vigelegele na huku akishikilia jamvi lake. Nilikimbia kuzunguka nyumba mara mbili bila sababu, na nilikuwa napiga kelele neno moja ambalo hakuna aliyelielewa: "Ni injini! Ni injini!" Waliona ni wazi kabisa kwamba ni injini. Hawakujua nilikuwa nasema Mama atafungika.

Asubuhi ya kuondoka, gari limeshavishwa magurudumu na kushushwa kwenye mawe, Mjomba hakutaka nipande. Bibi ndiye aliyeamua. Aliwauliza wale wanaume wawili: mmoja atashika usukani, mwingine atamshika mgonjwa, mtoto mchanga atashikwa na nani, pua ya gari? Basi nikapandishwa nyuma, mahali pa kuku, nikakaa juu ya gurudumu la akiba. Baba alisimama karibu nami na pondo lake, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi. Turubai la nyuma lilikuwa limeondolewa, na pondo likachomoza juu kama mlingoti. Mjomba alimuuliza kama anafikiri gari lina haja ya fimbo. Baba akasema hajawahi kuingia majini bila pondo na hataanza leo kwa ajili ya banda la kuku.

Tulifika pale barabara inaposhuka bondeni. Haikuonekana. Kulikuwa na maji ya rangi ya chai ya maziwa, mapana, yakitembea polepole kutoka kulia kwenda kushoto, na vichwa vya miti ya kandoni vikionyesha barabara inakopita. Kushoto miti iliisha, na hapo maji yalikwenda haraka zaidi, kwa maana hapo ndipo kilindi kilipoanzia. Mjomba alivua mkanda wa feni ili feni isirushe maji juu ya plagi. Akatia gia nzito, magurudumu yote manne yakashika, tukaingia.

Maji yalifika kwenye ekseli. Yakafika kwenye taa. Yakafika mlangoni, na hakuna hata tone lililoingia. Baba aligusa sakafu kwa kiganja, akakiangalia kiganja chake kikavu, akatabasamu. Pua ilikuwa ikivuta hewa juu ya vichwa vyetu kwa sauti ya mtu anayekunywa uji wa moto.

Halafu mitikiso ikaisha. Mwendo ukawa laini, mwororo, kama wa mtumbwi. Niliujua mwendo ule tangu tumboni. Nikapiga makofi. "Baba! Linaelea! Umeweza!"

Hakuna aliyefurahi. Mjomba aliuzungusha usukani kwa kidole kimoja, huku na huku, na gari halikujali. Injini ilinguruma, magurudumu yalikoroga maji, na Landrova ikaanza kugeuka taratibu kuelekea nyumbani, kama ng'ombe aliyekumbuka zizi. Kisha ikaanza kwenda kushoto.

Baba alikuwa ameshalitumbukiza pondo upande wa kushoto, akalisimika chini, akaegemea kwa mwili wake wote. Gari likasimama. Nilimwona mishipa ya shingo imetoka. Hangeweza kuliachia pondo hata kidogo.

"Shemeji," Mjomba alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini kuliko nilivyowahi kuisikia. "Tumekuwa wepesi. Magurudumu hayagusi chini. Maji yaingie."

"Yaingie wapi?"

"Humu ndani."

Baba alimtazama kama mtu aliyeambiwa alitukane kaburi la babake. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kuyakaribisha maji chomboni. Kazi yake yote, na ya babake, na ya babu yake, ilikuwa ni kuyazuia hayo. Pondo lilipinda. Tukasogea kushoto kwa hatua moja.

"Mwanangu," alisema bila kunitazama. "Toa vijiti."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Tutazama, Baba."

"Ndiyo. Tuzame kidogo." Alizidi kuliegemea pondo. "Mimi ndiye niliyeviweka, na mimi ndiye ninayesema toa."

Nilichukua koleo la Mjomba nikapiga magoti. Vijiti vilikuwa vimevimba kwa maji, vimebana kama meno. Cha kwanza nilikizungusha, nikakivuta, nikakizungusha tena, na kilipotoka maji yaliruka usoni kwangu kwa nguvu nikaanguka chali. Nikarudi. Cha pili. Cha tatu. Mafuta ya sifa yalinitelezesha mikono. Kufikia cha nne nilikuwa nakitafuta kwa kupapasa, maji yamenifika tumboni, mayai mawili ya kuku ambayo hakuna aliyeyaona yakielea mbele yangu. Cha tano. Cha sita kilipong'oka nilisikia kitu chini yangu: kishindo kidogo, kama mtu anayekaa kitini. Gurudumu moja limegusa. Kisha jingine. Kisha gari zima likatetemeka, likashika ardhi, na Mjomba akapiga kelele isiyo na maneno, na tukaanza kwenda mbele, tumejaa maji mpaka kiunoni, wazito, wabaya, tukikokota bonde zima pamoja nasi.

Cha saba kilikataa kutoka. Kipo mpaka leo kwenye mabaki yake nyuma ya nyumba ya Mjomba. Kila nikipita Garsen, mji wa karibu na kwetu, naenda kukigusa.

Tulipopanda ng'ambo, maji yalimwagika kupitia mashimo sita kama maji ya mfereji. Baba alishuka akachuchumaa, akayatazama yakitoka mpaka tone la mwisho. "Kumbe tobo nalo lina kazi yake," alisema.

"Shika hilo neno, mjomba," Mjomba aliniambia huku akirudisha mkanda wa feni. "Babako leo amesifu tobo." Na Baba akamrushia konzi la tope kichwani, na wote wawili wakacheka mpaka wakashikana mabega, na hapo ndipo nilipofahamu, kwa kuchelewa, kwamba hawakuwahi kuchukiana hata siku moja.

Matope hayakutushinda. Landrova iliyatambaa kwa gia nzito, ikiteleza ubavu, ikinguruma, na saa saba mchana tukaingia Tarasaa, na watoto wakitukimbilia nyuma wakiuliza lile bomba ni la nini. Niliwaambia ni pua. Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu mwenye gari.

Mama alikuwa amekaa mlangoni kwa shangazi, kwenye kigoda. Alikuwa amekonda. Aliponiona akanyoosha mikono, lakini mimi sikukimbia. Nilisimama mbele yake nikamkagua toka kichwani hadi miguuni, nikitafuta mahali pa kabari. Akauliza mbona namwangalia hivyo.

"Walikupasua?"

Akamtazama Baba, kisha mimi. "Walinipasua."

"Wakakufunga tena?"

"Wakanifunga. Vizuri kabisa."

Sasa nilikuwa nimebakiwa na swali moja, na hilo ndilo lililokuwa likininyima usingizi tangu jamvi lilipobaki tupu. "Na hazikubaki nati?"

Nyuma yangu Mjomba alikohoa, kisha akageuka kutazama barabara. Mama alianza kucheka, akashika tumbo kwa mikono yote miwili, akasema tafadhali, asichekeshwe, nyuzi bado mbichi, na akazidi kucheka na machozi yakimtoka. Alipotulia aliinama polepole, akaokota furushi la leso lililokuwa kwenye mkeka kando yake, akaliweka mikononi mwangu, mikono yangu inayonuka nta na papa. Lilikuwa zito kuliko nilivyodhani, na lilikuwa na joto.

"Ilibaki moja," alisema. "Hii hapa. Ishike vizuri isianguke."

Niliishika njia yote ya kurudi. Bondeni Baba alimnyanyua Mama juu ya paa, karibu na pua, na maji yakaingia kupitia mashimo sita kama waalikwa, na mimi nikasimama juu ya gurudumu la akiba nimeliinua lile furushi juu ya kifua, na halikulowa.

Leo mdogo wangu huyo ana ndevu na watoto wawili, na cheti chake kina jina lingine zuri la kanisani ambalo halitumiki nyumbani. Nilipomaliza kucheka kule Isiolo nilifuta chai mapajani, nikampigia simu.

"Nati," nikamwambia, "leo nimemwona mwenzako akitiwa mfukoni."